Sauti Juu ya Damu: Fanani na Ukatili katika Filamu za Nabwana, Zikisomwa kutoka Voi

1.0 Utangulizi

Makala hii inanuia kuchunguza namna ukatili unavyosimuliwa katika filamu za Isaac Godfrey Geoffrey Nabwana, mwelekezi wa mtaa wa Wakaliga jijini Kampala. Hoja yetu ni kwamba uzito wa ukatili katika kazi ya sanaa hautokani na wingi wa damu inayoonyeshwa, bali na mamlaka ya sauti inayosimama juu ya damu hiyo. Je, sauti hiyo ni ya nani? Inamsemesha nani? Inamtambua nani miongoni mwa wafu? Maswali haya matatu ndiyo dira ya mjadala unaofuata.

Ili kuipima hoja hii, tutazilinganisha filamu za Nabwana na makundi mawili ya kazi nyingine. Kundi la kwanza ni filamu za Takashi Miike wa Japani, ambaye kazi zake, zinazozidi mia moja, zimempa sifa ya umwagaji damu na mashabiki wasiobanduka. Kundi la pili ni filamu za Kimarekani kuhusu simba wa Tsavo. Ulinganishi wa kwanza unatokana na mazingira ya uzalishaji, kwa kuwa Miike na Nabwana wote ni wana wa soko la video, soko linalodai kazi nyingi, za haraka na za gharama ndogo. Ulinganishi wa pili unatokana na mahali tunaposomea. Voi ni mji wa reli iliyojengwa kutoka Mombasa kuelekea Uganda, na bonde la mto Tsavo, lililo juu ya reli hiyohiyo kaskazini-magharibi ya mji, ni mahali ambapo sinema ya dunia imepageuza uwanja wa mauti bila ya wenyeji kuulizwa lolote. Msomaji aliyeko Taita Taveta ana sababu mahususi ya kuuliza ni nani husimulia vifo, na kwa faida ya nani.

Kuna sababu ya pili ya kuliandikia suala hili. Uhakiki wa Kiswahili umeziacha filamu za vibanda vya video nje ya uwanja wake kwa madai mawili: kwamba ni fujo tupu, na kwamba si fasihi. Wakati huohuo, wengi wa wanafunzi tunaowafundisha uchambuzi wa riwaya na tamthilia walionja utamu wa hadithi kwanza katika vibanda hivyo, wakimsikiliza msimulizi akiifafanua filamu ya kigeni kwa Kiswahili cha mtaani. Mhakiki akinyamaza, kazi hizi hubakia mikononi mwa pande mbili tu: mfanyabiashara anayeziuza, na mamlaka inayozipima kwa kuhesabu matusi, mapigo na majeraha. Kenya ina sheria yake ya filamu na michezo ya jukwaani, Sura ya 222, pamoja na bodi ya uainishaji. Kipimo cha bodi kina dhima yake katika kuwalinda watoto, lakini hakiwezi kutueleza maana ya kinachoonyeshwa. Hiyo ni kazi yetu.

2.0 Fanani kama Msingi wa Uchambuzi

M. M. Mulokozi amesisitiza katika maandishi yake kwamba fasihi simulizi ni tukio. Tukio hilo hutawaliwa na fanani, hadhira, mahali, wakati na fani inayotendwa, na kulitoa neno katika muktadha huo ni kuliondolea sehemu kubwa ya uhai wake. Mtazamo huu ulikusudiwa hasa kwa ngano, tendi na ngoma, lakini unatufaa hapa kwa sababu filamu ya kibandani nayo hutendwa. Picha ni ileile kila siku; utendaji hubadilika kwa kadiri ya anayeisimulia na wanaomsikiliza.

Utamaduni huu una historia. Kati ya mwaka 1935 na 1937 mradi wa sinema ya elimu uliojulikana kwa kifupi kama BEKE, wenye makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, ulizungusha filamu kwa lori katika makoloni ya Afrika Mashariki na ya Kati, nazo ziliambatana na maelezo katika lugha za Kiafrika. Sauti ilikuwa ya mtawala hata pale ilipotamkwa na Mwafrika, kwani kusudi lake lilikuwa kumwambia mtazamaji afikirie nini. Miongo kadhaa baadaye, kanda za video zilipoenea, sauti hiyo iliporwa na watu wa mtaani. Jijini Kampala msimulizi wa kibanda alikuja kuitwa vijei. Tanzania ilimpata Lufufu, aliyezipa filamu za ng'ambo Kiswahili na maana mpya. Kenya ikampata DJ Afro. Wasimulizi hawa hawatafsiri tu. Huwapa wahusika majina, hukatiza taharuki kwa mzaha, humkemea mhusika mpumbavu, na hujibu yale wanayohisi hadhira inataka kuuliza. Huo ni ufaraguzi katika maana yake kamili.

Yamkini mtu atadai kwamba msimulizi wa namna hii huivuruga sanaa ya filamu, ambayo kwa kawaida yake hujisimulia kwa picha. Dai hili lingekuwa na nguvu kama sisi wenyewe hatungekuwa tumekwisha kumkubali msimulizi mahali pengine. Katika Nguzo Mama (1982), Penina Muhando alimweka Bi Msimulizi jukwaani, na hakuna mhakiki makini aliyeiondoa tamthilia hiyo katika orodha ya fasihi kwa sababu hiyo. Kinyume chake, mbinu hiyo ilisifiwa kwa kuirudisha tamthilia karibu na jadi ya usimulizi. Wayunani wa kale nao, katika tanzia zao, aghalabu waliyaweka mauaji nyuma ya jukwaa na kumleta mjumbe aje ayasimulie. Walijua kwamba kifo kinachosimuliwa hubadilika hadhi yake. Anayekisimulia huchukua dhamana juu yake.

3.0 Miike: Sauti Iliyokatwa

Takashi Miike alizaliwa mwaka 1960 karibu na Osaka. Alianza uelekezi mapema katika miaka ya 1990, katika soko la filamu zilizopelekwa moja kwa moja kwenye kanda za video bila ya kupitia majumba ya sinema. Soko hilo lilikuwa na ratiba za haraka na bajeti finyu, ila lilimwachia mwelekezi uhuru mkubwa mradi atimize kiasi cha mapigano kilichotarajiwa. Humo ndimo kulikojengeka tabia ya Miike ya kutoa filamu kadhaa kwa mwaka mmoja, na ya kuichanganya fani moja na nyingine pasipo kuomba radhi.

Jambo linalotuhusu ni kwamba katika filamu zake mashuhuri hakuna sauti inayosimama juu ya ukatili na kumwongoza mtazamaji. Sauti zimo ndani ya picha, na takriban zote zina dosari. Katika Audition (1999), iliyotokana na riwaya ya Ryu Murakami, mjane wa kiume aitwaye Aoyama anaandaa usaili wa uongo wa waigizaji ili ajichagulie mke. Wanawake wanaketi mbele ya kamera na kuyasimulia maisha yao, huku wanaume wawili wakiuliza, wakipima na kukata shauri. Katika sehemu hiyo ya kwanza hakuna hata tone la damu, lakini mamlaka ya kusimulia yamekwisha kunyakuliwa: mwanamke anazungumza kwa masharti ya anayemsikiliza. Mateso ya sehemu ya mwisho, anapoyatenda Asami kwa sauti nyororo kama ya mlezi, ni kupinduliwa kwa usaili ule. Sasa yeye ndiye anayesema, naye Aoyama hawezi hata kusogea. Mtazamaji aliyefurahishwa na hila ya mwanzo hana mahali pa kujificha, wala hana fanani wa kumwambia kwamba haya ni maigizo tu.

Ichi the Killer (2001) inakwenda mbali zaidi. Muuaji Ichi ni kijana mwoga anayelia. Anaua kwa sababu Jijii, mzee mwenye hila, amempandikizia kumbukumbu ya uongo kuhusu tukio la kinyama la siku zake za shule. Kwa maneno mengine, filamu hiyo ina msimulizi, naye ni mwongo. Hadithi yake ndiyo silaha inayotangulia visu. Kisha katika 13 Assassins (2010) tunaletewa mwanamke ambaye bwana mkubwa Naritsugu amemkata viungo na ulimi. Anapoulizwa yaliyoisibu jamaa yake, anaandika jibu kwa brashi iliyobanwa kinywani, na karatasi hiyo inakunjuliwa baadaye kabla ya vita vya mwisho. Filamu nzima inatokana na ushahidi wa mtu aliyenyimwa sauti.

Tukiziweka filamu hizi tatu pamoja, tunaona kwamba Miike, licha ya sifa yake ya kupenda damu kwa ajili ya damu, anarudia suala moja: ukatili hushamiri pale ambapo sauti imenunuliwa, imeghushiwa au imekatwa. Mtazamaji anaachwa peke yake na picha, na upweke huo ndio unaomtia hofu.

4.0 Nabwana: Sauti ya Jirani

4.1 Asili ya sanaa yake

Nabwana alizaliwa mwaka 1973. Utoto wake uliangukia kati ya utawala wa Idi Amin (1971–1979) na vita vya msituni vya 1981–1986. Alifanya kazi ya kufyatua matofali kabla ya kuanzisha kampuni yake, Ramon Film Productions, mwaka 2005, jina lililoundwa kutokana na majina ya bibi zake wawili, Rachael na Monica. Amepata kueleza kwamba alipokuwa mdogo hakuwa akizitazama filamu za mapigano yeye mwenyewe. Nduguze wakubwa ndio waliozitazama, kisha wakarudi nyumbani kumsimulia. Jambo hili lina uzito mkubwa kwa mhakiki. Nabwana aliipokea sinema kama ngano: aliisikia kwanza, akaiona akilini, na alipokuja kuitengeneza aliitengeneza kama mtu anayeikumbuka hadithi. Chuck Norris wake alikuwa mhusika wa fasihi simulizi kabla ya kuwa picha.

Vifaa vyake vimeelezwa mara nyingi, na aghalabu kwa mshangao wa mtu wa mbali. Kompyuta ziliungwa kutokana na vipande; bunduki na kiunzi cha helikopta vilichomelewa kutokana na vyuma chakavu; damu, ambayo mwanzoni ilikuwa ya ng'ombe, iliachwa kwa sababu ya maradhi na nafasi yake ikachukuliwa na rangi ya chakula iliyotiwa ndani ya kondomu. Waigizaji wenyewe waliziuza nakala za filamu mlango kwa mlango na kugawana mapato, tena kwa haraka kabla ya wanakili haramu kuwatangulia. Yanayotupasa kuyazingatia hapa ni matokeo ya kisanaa. Mtazamaji wa Wakaliga anamjua anayekufa katika picha. Ni jirani yake, na kesho atambishia hodi akimuuzia filamu ambamo ameuawa. Kifo cha namna hii hakiwezi kudai kuaminiwa, wala hakikusudiwi kuaminiwa.

4.2 Who Killed Captain Alex?

Filamu iliyompa Nabwana jina duniani ilitengenezwa mwaka 2010 kwa gharama ambayo, kwa maelezo yaliyotangazwa, haikufika dola 200 za Marekani. Kapteni Alex, mwanajeshi shujaa, anatumwa kulivunja genge la Tiger Mafia linaloongozwa na Richard. Anauawa usiku. Kaka yake, mtawa wa mapigano ya Kishaolin, anafika kumtafuta muuaji. Richard anaishambulia Kampala kwa helikopta, jeshi linapigana na genge, sheria ya kijeshi inatangazwa, na filamu inakwisha. Swali la jina la filamu halijibiwi.

Toleo tunalolifahamu, lililowekwa katika intaneti mwaka 2015, lina sauti ya VJ Emmie kutoka mwanzo hadi mwisho. Toleo lisilo na sauti hiyo halipo tena, kwa kuwa lilifutwa katika kompyuta ili kupata nafasi ya filamu iliyofuata. Kwa hivyo hatuwezi kuitenga filamu na fanani wake hata tukitaka. Mhakiki aliyezoea kutafuta matini asilia nyuma ya utendaji hapa anaikosa kabisa. Utendaji ndio matini.

Sauti hiyo inafanya kazi tatu. Kwanza, inavunja njozi. Mtu anapopigwa risasi, msimulizi anashangilia, anacheka, au anaitangaza filamu inayofuata, hivi kwamba mtazamaji hawezi kusahau kuwa yuko kibandani pamoja na wenziwe. Pili, inawatambulisha watu. Wapiganaji wasio na majina katika mswada wanapewa utani na sifa, na hivyo wanaacha kuwa maiti za kujazia picha. Tatu, inapataja mahali. Wakaliga, Kampala na Uganda hutajwa kwa fahari ya kuchekesha, kana kwamba kila mlipuko ni ushahidi kwamba mtaa huu upo duniani. Kwa watu ambao habari zao zilikuwa zikitangazwa ng'ambo kwa sura ya vita na njaa tu, kuusimulia ukatili wa kubuni kwa vicheko vyao wenyewe ni tendo la kujimilikisha.

4.3 Bad Black

Katika Bad Black (2016) uhusiano wa mwenyeji na mgeni unachunguzwa waziwazi. Hadithi inaanza na baba anayeiba benki ili amlipie mkewe hospitali, na inaendelea kwa bintiye, ambaye anakuwa kiongozi wa genge. Daktari Mmarekani, anayeigizwa na Alan Hofmanis aliyehamia Wakaliga kutoka New York, anaibiwa, naye anafundishwa ukomando na mtoto wa mtaani aitwaye Wesley Snipes. Kinaya kimekaa mahali pake: mgeni aliyekuja kuokoa ndiye mwanafunzi, na mwalimu wake ni mtoto aliyelichukua jina la mwigizaji wa Marekani na kulifanya lake. Msimulizi anamcheka daktari kwa namna ambayo hadhira ya kibandani ingemcheka mgeni yeyote asiyejua njia. Filamu hii ilionyeshwa katika tamasha la Fantastic Fest, Austin, mwaka huohuo wa 2016, na watazamaji wa Texas wakajikuta wakicheka pamoja na sauti inayowacheka.

5.0 Tsavo: Sauti ya Mhandisi

Sasa tuirudie reli. Mwaka 1898, wakati daraja la mto Tsavo likijengwa, simba wawili waliwaua wafanyakazi kwa muda wa miezi kadhaa. Mhandisi J. H. Patterson alimpiga wa kwanza tarehe 9 Desemba na wa pili tarehe 29 Desemba mwaka huo. Kitabu chake cha 1907 ndicho chanzo cha filamu zote zilizofuata. Katika kitabu hicho Patterson anaitaja idadi ya wafanyakazi wa Kihindi waliouawa kuwa 28, kisha anaongeza kwamba walikufa pia Waafrika wengi ambao hakuna rejista rasmi iliyowekwa juu yao. Baadaye alitaja jumla ya 135. Mwaka 2009 wanasayansi walioyachunguza mabaki ya simba hao walikadiria kwamba waliliwa watu wapatao 35. Tofauti ya idadi hizo si jambo dogo la takwimu. Idadi iliweza kupanda na kushuka kwa sababu sehemu moja ya wafu haikuwahi kuandikwa.

Filamu mbili za Kimarekani zinatosha kuonyesha yaliyotokea baadaye. Bwana Devil ya Arch Oboler (1952) ilikuwa ya kwanza ya rangi na ya urefu kamili katika wimbi la filamu za Marekani zilizotazamwa kwa miwani maalumu, na tangazo lake lilimwahidi mtazamaji simba mapajani mwake. Sehemu kubwa ilipigwa California. The Ghost and the Darkness ya Stephen Hopkins (1996), iliyoandikwa na William Goldman, ilipigwa Afrika Kusini. Tsavo ya sinema haihitaji Tsavo. Inahitaji nyasi, giza na hofu.

Filamu ya 1996 inatulazimisha kuinoa hoja yetu, kwa sababu ina msimulizi, na msimulizi huyo ni Mwafrika. Samuel, anayeigizwa na John Kani, anafungua na kufunga hadithi kwa sauti yake. Kwa mtazamo wa haraka tungesema kwamba sauti imerudi kwa wenyewe. Lakini tukiyauliza maswali yetu matatu, majibu yanatuzindua. Sauti ni ya mhusika wa kubuni. Inamsemesha mtazamaji wa ng'ambo kwa Kiingereza, ikimhakikishia kwamba aliyoyaona ni kweli. Na miongoni mwa wafu, inawatambua wale waliokuwa karibu na mhandisi. Samuel amepewa kazi ileile ya msemaji wa lori la 1935: kuitamka hadithi ya mwingine kwa ulimi wa Kiafrika. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar kwa uhariri wa sauti za matukio. Ngurumo ya simba ilisikilizwa kwa makini kuliko kilio cha kibarua.

Methali yetu husema kwamba hadithi za uwindaji humsifu mwindaji hadi simba atakapopata msimulizi wake. Kwa Tsavo methali hii imepitwa. Simba wenyewe wamepata hadhi: ngozi zao zilinunuliwa na jumba la makumbusho la Field, Chicago, mwaka 1924, nao wamesimamishwa humo ndani ya kioo. Aliyekosa msimulizi ni mtu aliyeliwa. Wala suala hili halijapita na karne. Hifadhi za Tsavo zimechukua zaidi ya nusu ya eneo la Taita Taveta, na mkulima wa Sagalla ambaye shamba lake limevamiwa na ndovu usiku anaishi katika mpaka uleule wa mtu na mnyama. Filamu zinazompelekea mgeni mandhari hayo humwonyesha ndovu. Mkulima, akionekana, huonekana kama tatizo la ndovu.

6.0 Mipaka ya Hoja

Haitoshi kusema kwamba msimulizi akiwa mwenyeji basi ukatili umesafishwa. Hatuna budi kuyakabili mapingamizi mawili.

La kwanza linahusu kicheko. Uganda ilipoteza watu wengi kwa bunduki za kweli katika miongo ya utoto wa Nabwana. Je, kuzigeuza bunduki kuwa mchezo si kuwadharau wafu hao? Tunadhani jibu limo katika fani yenyewe. Filamu za Wakaliga hazidai kuisimulia historia ya Luweero, na bunduki iliyochomelewa kwa bomba chakavu haijifanyi ya kweli. Kicheko kinaielekea sinema ya ng'ambo na majigambo yake. Hata hivyo, kuna mahali ambapo kicheko hukwepa. Who Killed Captain Alex? inamalizika kwa sheria ya kijeshi, na sauti inayomtania kila mtu haimhoji mwanajeshi kwa ukali unaostahili. Katika nchi iliyotawaliwa na majeshi, ukimya huo una maana. Swali la nani alimuua Kapteni linaachwa wazi; mtu anaweza kulisoma kama uzembe wa mswada, au kama ukweli wa zama ambamo mauaji mengi hayakupata jibu. Sisi tunaliona la pili kuwa na mashiko zaidi, lakini tunakiri kwamba fanani, ambaye angeweza kulitamka, hakulitamka.

La pili linahusu hadhira. Sauti ya VJ Emmie katika toleo la 2015 inazungumza Kiingereza, huku wahusika wakizungumza Kiganda. Fanani amegeuza uso wake kutoka kibandani kuelekea dunia, na utani wake kuhusu Wakaliga unamfafanulia mgeni kile ambacho jirani alikijua tayari. Kwa hakika umaarufu huo umezaa matunda: Crazy World ilifika tamasha la Toronto mwaka 2019, na kundi hilo likashiriki katika maonyesho ya Documenta, Kassel, mwaka 2022. Lakini kuna hatari ya kufanywa kichekesho cha umaskini, ambapo mtazamaji wa mbali huusifu mtaa kwa sababu hana haja ya kuishi humo. Miike naye alipata wafuasi wa ng'ambo walioitafuta damu na kuliacha suala la sauti iliyokatwa. Sauti ikihama hadhira, maana yake huhama pia, na mhakiki ana wajibu wa kuufuatilia mhamo huo badala ya kuushangilia tu.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba filamu za aina tatu, ambazo kwa kipimo cha damu zingewekwa katika fungu moja, zinatofautiana kabisa kwa kipimo cha sauti. Miike humwacha mtazamaji bila ya mwongozo na kumwonyesha ndimi zilizokatwa au zilizodanganya. Sinema ya Tsavo humpa mhandisi hadithi, hata pale inapomwazima Mwafrika aisome. Nabwana, pamoja na udhaifu wake, huiweka hadithi mdomoni mwa jirani, na jirani huwataja wafu kwa utani kwa sababu anawajua.

Matokeo ya uchambuzi huu kwa ufundishaji ni bayana. Ikiwa filamu ya kibandani ni tukio lenye fanani na hadhira, basi inastahili kukusanywa na kuchambuliwa kwa taratibu zilezile tunazozitumia kwa ngano na tendi. Wanafunzi wa Voi, Wundanyi na Taveta wanaopewa kazi ya kukusanya fasihi simulizi wangeweza kuwarekodi wasimulizi wa filamu pamoja na wazee wa Kidawida, Kisaghala na Kitaveta, na kulinganisha namna kila mmoja anavyokitaja kifo, anavyomjibu msikilizaji, na anavyoikatiza taharuki. Wangeweza pia kuichukua filamu ya 1996, kuizima sauti ya Samuel, na kumwomba fanani wa Taita Taveta aisimulie upya mbele ya hadhira ya kwao. Rejista ya wafu wa 1898 haitapatikana kwa njia hiyo. Litakalopatikana ni ushahidi wa jinsi watu wa mahali pale wangewasimulia wafu wale, laiti wangeulizwa.